Sauti Nilizomtumia Yaya

Yaya wangu alikufa nikiwa China, nikifundisha watoto wa kijijini nyimbo za Kifaransa, na watu wangu wa Brussels hawakuniambia. Natanguliza hilo kabisa, usije ukacheka kisha ukanilaumu. Maana mengi ya majira yale ya joto yanachekesha. Mimi mwenyewe niliyacheka kwa sauti kubwa, siku baada ya siku, nikimrekodia mtu ambaye hakuwapo tena kunisikia.

Kwetu Kivu, yaya ni dada mkubwa. Si mlezi wa kuajiriwa, ingawa wangu alinilea pia, tangu Uvira, mama alipotuacha wadogo. Tulipofika Ubelgiji yeye aliingia kusuka nywele katika saluni ya Matonge, mtaa wa Waafrika mjini Brussels, mimi nikaingia kusafisha ofisi kwenye yale majengo marefu ya stesheni ya Gare du Nord. Tuliishi pamoja, yeye, binti yake na mimi, katika vyumba vilivyo nyuma kidogo ya Chaussée d'Ixelles, ghorofa ya nne, ngazi nyembamba kiasi kwamba mtu mnene akipanda lazima anayeshuka arudi kwao.

Ndiye aliyeniandikisha shule ya jioni. Nilikuwa nimefika umri ambao wenzangu wanaulizana habari za magoti. Nilisoma muda mrefu mpaka mlinzi wa mlangoni akaoa, akazaa, akasomesha, na mimi bado niko dawati la nyuma napambana na hesabu. Yaya akirudi kutoka saluni akanikuta nasinzia juu ya kitabu, alipiga meza kwa kitana chake kikubwa.

"Weye! Diplôme haiotake ku kitanda!"

Siku nilipopokea hiyo diplôme alipiga vigelegele hadi mkurugenzi akaangusha karatasi zote, na nina hakika ndege za Zaventem zilichelewa kutua. Aliibandika ukutani juu ya televisheni. Mgeni yeyote aliyeingia ilibidi aisome kwanza, ndipo apewe kiti.

Sasa, mwalimu mmoja wa ile shule alikuwa na desturi ya kwenda kila likizo China, kusini-magharibi, milimani, kwenye shule ya kijiji. Watoto wa kule wengi wanabaki na bibi na babu, wazazi wako viwandani mbali sana, kwa hiyo likizo ikifika wanafunguliwa darasa la kujitolea ili wasizurure. Mwaka ule mwalimu alivunjika mguu. Akanipigia mimi. Nikamwambia sijui Kichina hata cha kuomba maji. Akasema watoto nao hawajui Kifaransa, mtakuwa sawa.

Nilipomwambia yaya nilidhani atakataa. Aliacha kukoroga chungu.

"Muntu wa kwetu kufundisha Bachina? Wende! Wende hata leo! Mutoto wa Uvira!"

Kabla sijapata viza, Matonge nzima ilikuwa na habari. Kila kichwa kilichopita mikononi mwake kilitoka kimesukwa pamoja na safari yangu. Alinipa sharti moja tu: kila siku nimtumie sauti, aende nayo kazini asubuhi.

"Usiponitumia habari, nitaambia ba-clientes nini?"

Programu tunazotumia sisi kupigiana, kule hazifunguki. Mpwa wangu akaweka ile ya Wachina kwenye simu ya mama yake. Kwa hiyo katika Brussels yote, na Uvira yote, na dunia yote ya watu wangu, palikuwa na tundu moja tu la kunifikia: simu ya yaya. Kumbuka hilo, maana ndilo lililofanya siri ikae.

Kijiji kilikuwa kimening'inia mlimani kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba. Mahindi juu, mpunga chini, katikati shule ya ghorofa moja yenye uwanja wa mpira wa kikapu ambao mchana ulikaushiwa pilipili. Ndiyo, pilipili, uwanja mzima mwekundu. Tukitaka kucheza tunazifagia kwanza, na mpira ukidunda unapiga chafya. Nilimweleza yaya hivyo na akanirudishia sauti ya kicheko kitupu, hakuna neno hata moja, kicheko tu na nyuma yake mashine ya kukausha nywele.

Asubuhi spika ya kijiji iliniamsha kwa hotuba ambayo sikuwahi kujua inasema nini; nilimwambia yaya kwamba wanatangaza jina langu na idadi ya bakuli nilizokula jana. Darasani nilikuwa na watoto wa kila kimo. Niliwafundisha kuhesabu, kusalimiana, kuimba. Siku ya kwanza walipanga mstari kugusa nywele zangu, na mimi nikapanga mstari wangu kugusa zao, tukawa tumelipana. Baada ya chakula cha mchana wote walilaza vichwa mezani wakalala, kama umezima swichi. Na walimu pia. Mara ya kwanza nilibaki nimesimama na chaki mkononi, mtu mzima peke yangu katika kijiji kilichokufa ghafla, hata mbwa amelala. Mara ya pili nililala. Mara ya tatu mimi ndiye niliyekoroma hadi watoto wakaamka kuja kutazama.

Yaya akajibu: "Kwa hiyo tulikutuma kule kulala. Sawa. Nitawaambia watu wa kanisa."

Nililala kwa mwanamke mzee aliyekuwa na wajukuu wawili darasani kwangu. Watoto walimwita kwa neno lao la bibi. Mimi nilimwita maman, naye akaitika kana kwamba ndilo jina alilozaliwa nalo. Hatukuwa na lugha. Mwalimu mkuu alikuwa na Kiingereza cha kutosha kununulia sabuni, na hicho ndicho tulichotumia kutafsiriana. Mezani maman alikuwa akiniwekea nyama bakulini kwa vijiti vyake, nyama ya nguruwe iliyokaushwa juu ya moshi. Kwetu mgeni akimaliza chakula chote anamheshimu mwenyeji. Kule mgeni akimaliza chote, maana yake hajashiba. Basi mimi namaliza kwa heshima, yeye anajaza kwa heshima. Tuliheshimiana hadi mkanda wangu ukafika tundu la mwisho. Nilimwambia yaya kwamba nikirudi wanitafutie ndege ya mizigo.

Lakini kuna siku moja ambayo sikuisimulia. Wiki ya pili nilishikwa na homa kali, tumbo limegeuka, siwezi kusimama. Maman hakwenda shambani. Alileta kigoda chake karibu na kitanda, akakaa, akanifuta uso kwa kitambaa cha maji, akanipepea tangu asubuhi hadi jua likazama. Kuna wakati homa ilinizidi nikawa naita mama yangu wa Uvira, mama aliyekufa, nikilia kama mtoto. Yule mzee alikishika kichwa changu kwa mikono miwili, akakiweka kwenye paja lake, akaimba kitu kwa sauti ya chini. Mikono ilinuka moshi na vitunguu saumu. Nilipata usingizi hapo.

Yaya nikamtumia hivi: "Leo nimepumzika kama mfalme, wananipepea!" Sikutaka pressure yake ipande kwa ajili ya tumbo langu.

Akajibu: "Pumzika, lakini usizoee. Batoto banakungojea."

Hiyo ndiyo sauti yake ya mwisho niliyonayo.

Siku mbili baadaye alianguka saluni, kitana mkononi, mteja amesukwa nusu. Hospitali walimpokea, wakajaribu walichojaribu, na kabla ya jioni ilikuwa basi. Mimi wakati huo nilikuwa usingizini milimani. Nilipoamka nilimtumia habari ya bata aliyeingia darasani akakataa kutoka mpaka tukamfundisha bonjour.

Jibu lilikuja kwa maandishi ya mpwa wangu. "Maman anasikia. Sauti imemukauka, hawezi kusema. Anacheka."

Yaya hakuwahi kuniandikia. Vidole vyake vilikuwa na mafuta ya nywele tangu asubuhi hadi usiku, simu ingeteleza. Ningejua, eti? Watu wananiambia hivyo: ungejua. Mimi nilimjibu tu: "Haa! Yaya amekosa sauti! Brussels imepata amani!" Nikaendelea na bata, na tangu siku hiyo majibu yote yalikuja kwa maandishi.

Niseme sasa jinsi watu wetu walivyofikiri, maana si watu wabaya. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo akiwa peke yake. Haifanyiki. Kama ndugu yako amekufa na wewe uko mbali, watu wanatafuta kwanza nani yuko karibu nawe, wanampigia huyo, anakuja nyumbani kwako bila kusema kitu, anakaa, pengine analeta mwenzake. Wakishakuwa pande zako mbili, ndipo simu inalia. Kwa sababu mtu akisikia anaanguka, na anayeanguka lazima ashikwe. Kulia bila mtu wa kukushika tunaona ni kitu cha kutisha, ni kama kumtupa mtu barabarani. Hata mpelelezi wa polisi akija kwetu na habari hiyo, ataambiwa ngoja kwanza, waite watu wa jirani.

Basi Brussels walianza kutafuta. Aliyeongoza ni baba yetu mdogo, ambaye Matonge yote inamwita Tonton, mtu wa kofia na fimbo, sauti kama ngoma ya kanisa. Waliuliza nani anajua mtu China. Mmoja akasema binamu yake ana duka Guangzhou. Wakampigia. Binamu akauliza mlima gani, mkoa gani, wakamwambia, akasema huko ni kama kutoka Brussels kwenda Moroko, na barabara mbaya. Wakamtafuta yule mwalimu mwenye mguu uliovunjika. Alikuwa kwa wazazi wake kijijini na simu haipatikani. Ndipo Tonton akaamua, mbele ya wote, katika sebule yetu, chini ya diplôme yangu: mutoto asiambiwe. Amalize kazi, arudi, aanguke mikononi mwetu.

Na mazishi? Walingoja walivyoweza. Nyumba ya wafu nayo ina siku zake. Walimzika.

Hayo yote nilikuja kuyasikia baadaye kwa mpwa wangu. Alikuwa ameshika ile simu mkononi tangu hospitali. Siku ya kwanza ya kilio, nyumba imejaa, maman za kanisa, kina mama wa kwetu, wamekaa chini, sebule nzima kimya kile cha watu waliokwisha kulia, simu ikatoa mlio. Ni mimi na bata wangu. Hakujua afanye nini. Tonton akasema:

"Fungua. Tusikie kama ni muzima."

Wakanisikia. Mpwa anasema mwanzo walisogea wote karibu na simu. Halafu nilipofika pale ambapo bata anakataa kusema bonjour mpaka aombwe radhi, maman mmoja akafunika mdomo kwa pindo la kikwembe alichojifunga, mabega yanatikisika. Wa pili akafuata. Mwisho nyumba nzima ilikuwa inacheka na machozi yanatoka, na Tonton anapiga fimbo sakafuni: "Ule mutoto! Ule mutoto, ataniua!" Tangu hapo kila jioni ya kilio walingoja sauti kutoka China. Walikuja watu ambao hata hawakumfahamu yaya.

Siku waliyomzika, mimi nilipika bugali.

Nilikuwa nimetamani mpaka naota. Mahindi yako kila mahali kule, lakini ni ya nguruwe. Nilipomwomba maman unga wa mahindi kwa ishara, alifurahi sana, akanipeleka zizini kunionyesha nguruwe anayefaa kununuliwa. Nilimwambia kwa mikono: hapana, mimi. Akanitazama, akamtazama nguruwe, akanitazama tena. Akamwita jirani. Jirani akamwita mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu akaniuliza kwa Kiingereza chake chote: "Wewe nguruwe?" Niliposonga ule ugali katika sufuria yao kubwa, nusu ya kijiji ilisimama mlangoni kama watu wanaotazama ajali. Nikamega, nikachovya kwenye mboga zao za pilipili, nikala, nikafumba macho. Nguruwe, nikamwambia yaya, alilia kwa wivu hadi usiku wa manane.

Brussels walitoka makaburini wakanisikiliza. Mpwa anasema maman walicheka mpaka wakashika ukuta. Mmoja alilazimika kufunguliwa kamba za sketi.

Lakini hadithi ile ina nusu ya pili, na hiyo sikuirekodi, haikuwa na kicheko. Watu walipoondoka, yule maman wa kijijini alikaa mbele ya sufuria. Akamega kidogo kwa vidole kama alivyoniona nikifanya. Akatafuna polepole sana. Kisha akasema maneno, na mwalimu mkuu akanitafsiria: alipokuwa mtoto walikula huu, kwa sababu hakuna kingine, na siku nyingine huu pia haukuwapo. Dada yake hakuvuka mwaka ule wa njaa. Hakulia. Aliweka mkono wake juu ya mkono wangu, akaendelea kutafuna, na sisi wawili tukamaliza sufuria.

Nilimaliza darasa, watoto wakaimba, nikaondoka. Kwenye ndege nilipanga jinsi nitakavyomsimulia yaya yote upya, ana kwa ana, kwa mikono na miguu. Kutoka Zaventem nilipanda treni. Kupitia simu ya mama yake nilikuwa nimemwandikia mpwa anikute Gare du Nord, peke yake, anisaidie begi.

Nikashuka. Kwenye ukumbi wa stesheni walikuwa wamesimama watu kama kijiji. Maman za kanisa, wasusi wa saluni, watu wa kwaya, na mbele yao Tonton amevaa koti la suti na tai katika joto la Agosti. Mimi, mtu wa kujisifu, niliona wamekuja kumpokea mwalimu wa Wachina. Nilifungua mikono.

"Jamani! Hata rais hapokelewi hivi!"

Hakuna aliyecheka. Tonton akaja, akanyoosha mkono akanipokea begi langu. Mzee wa kwetu hapokei mzigo wa mtoto wake. Hata awe mgonjwa, hata liwe begi la unyoya, mtoto ndiye anayebeba. Niliuona mkono wake wenye mishipa umeshika mshipi wa begi, na nikajua. Niliangalia nyuso zote, moja moja, natafuta ipi haipo.

"Yaya yuko wapi?"

"Twende nyumbani," akasema Tonton.

Walinishika viwiko pande mbili hadi kwenye gari. Nyumbani viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimepangwa tena ukutani. Wakanikalisha.

"Mutoto wetu," Tonton akasema. "Yaya yako hayuko tena. Tulimuzika."

Wanawake wakapaza sauti. Walinishika mabega, mikono, wengine magoti, tayari kwa kuanguka kwangu. Mimi sikuanguka. Sikulia hata tone. Neno moja tu lilikuwa limenikaa masikioni, lile la mwisho: tulimuzika. Nikauliza lini. Akaniambia. Nikahesabu kichwani, nikafika kwenye bugali.

"Muliniacha nichekeshe maiti," nikasema.

"Hapana. Ulituchekesha sisi."

"Tonton, alikuwa mama yangu. Mulimuzika bila mimi. Mungenipigia! Ndege ziko!"

Fimbo ikagonga sakafu. "Nikupigie ukiwa na nani? Eh? Niambie jina. Usiku, mulimani, peke yako, usikie yaya amekufa. Nani angekushika? Weye mwenyewe ulisema kule hakuna muntu anajua hata bonjour, isipokuwa bata!"

Nilifungua mdomo nimjibu. Nilitaka kumwambia kuna mwanamke mzee, mikono yake inanuka moshi, alikishika kichwa changu siku nzima. Angenishika. Angekaa nami kwenye kigoda chake mpaka machozi yaishe, bila neno, na asingeuliza lolote, maana ana dada yake mwenyewe. Mungempigia mwalimu mkuu, angeelewa neno moja la Kiingereza, kufa, na lingetosha. Lakini wangejuaje? Kuhusu maman huyo walikuwa wamesikia nguruwe tu.

Nikafunga mdomo. Tonton alikuwa analia, mzee yule, kofia magotini.

Siku zilizofuata hazikuwa na kitu cha kusimulia. Nilikwenda makaburini na mpwa wangu. Msalaba wa mbao, udongo umeshaanza kushuka, maua yamekauka kwenye plastiki yake. Nilisimama pale nikasubiri. Mpwa alilia, nikamshika. Mimi, kavu. Tulirudi kwa basi. Nyumbani ile diplôme ilikuwa bado juu ya televisheni, na mpwa akaniomba ruhusa ya kuifuta vumbi.

Nikarudi kazini. Na kila wiki Tonton alipiga simu, swali ni lile lile, bila hata kusalimia.

"Ulishalia?"

"Bado, tonton."

"Bon. Tunangoja."

Maana kwao kilio kilikuwa hakijafungwa. Walikuwa wameniibia mazishi ili wanishike, na mimi sikuwapa cha kushika. Wasusi wenzake saluni waliniangalia nikipita kama watu waliopika chakula na mgeni hataki kula. Hata mimi nilianza kujiona mwenye kasoro. Mtu ninayeweza kumliza nguruwe, nashindwa kujiliza mwenyewe.

Ilitokea asubuhi moja kazini, mapema, kabla ya wafanyakazi wa ofisi kufika. Niliingia chumba cha mikutano kwenye ghorofa ya juu na mashine yangu ya kufyonza vumbi. Meza ndefu, viti vimepangwa, na kwenye kiti cha mkubwa, kile cha kichwani, suruali. Suruali ya suti, nzuri, imekunjwa kwa uangalifu, mkanda umo ndani yake. Hakuna shati, hakuna viatu. Suruali peke yake, imekaa kwenye mkutano.

Nilianza kucheka. Nilikuwa nimeshaipata yote: Yaya, sikia, mkurugenzi jana amerudi nyumbani kwa treni na chupi, na konda amempigia saluti! Mkono ukaingia mfukoni, ukatoa simu, kidole kikashika kile kitufe cha kurekodi.

Na hapo nikakumbuka.

Nilianguka kati ya meza na dirisha. Nililia kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, nimekumbatia mguu wa kiti, mashine inanguruma pembeni, na chini ya dirisha Brussels yote inawasha taa zake za asubuhi. Hakuna aliyekuja. Ndicho kile walichokiogopa kwa ajili yangu, chote, kama walivyokiogopa: mtu peke yake, sakafuni, kwenye jengo la watu wengine, na hakuna mkono. Nililia mpaka zulia likalowa. Nadhani hata ghorofa ya chini waliweka ndoo. Kisha nikaisha. Nikanyanyuka kwa kushika meza. Nikazima mashine. Suruali nikaitundika vizuri kwenye mgongo wa kiti, nikaendelea na chumba kinachofuata.

Jioni ile Tonton alipiga.

"Ulishalia?"

Nilimsikia anavyopumua. Nyuma yake redio ya Kilingala, na mtu anaosha vyombo. Alikuwa amezeeka sana tangu Agosti. Kila mtu alisema hivyo.

"Bado, tonton," nikasema. "Lakini naona iko karibu. Sitaki initokee nikiwa peke yangu."

Redio ikazimwa.

"Peke yako? Jamais! Usitoke nyumbani. Dimanche, kisha ya kanisa, tunakuja wote. Wote! Umuambie yule binti atayarishe majani ya sombe."

Walikuja. Ngazi zile nyembamba zilibeba kwaya nzima, sufuria za ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa la kwetu, viti vya kanisa, na maman wawili wanene waliokwama ghorofa ya pili mpaka wakasukumwa. Tonton aliingia wa kwanza. Hakusalimia mtu. Aliiweka fimbo ukutani, akanishika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili, akasimama imara kama mtu anayengoja mzigo kutoka juu ya lori.

"Niko hapa," akasema.

Nami nikaanguka.